Joto la Kuazima

Mwili wa binadamu ni jiko lisilozimwa. Ukilala linawaka, ukifunga linawaka, ukipanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji linawaka zaidi. Sehemu kubwa ya ugali, wali na maharage tunayokula huishia humo, kutunza nyuzijoto 37 usiku na mchana, na ndiyo maana njaa hutubishia hodi kila siku. Ndege ana jiko hilo, panya analo, tembo analo. Nyoka hakupewa. Ukitazama kwa haraka utadhani Muumba alimpunja.

Hakupunjwa. Chatu aliyekula mlo mmoja mkubwa anaweza kukaa miezi kadhaa bila kutafuta mwingine, kwa sababu hana moto wa kulisha. Joto analolihitaji analiazima: kwa jua, kwa mwamba ulioota jua, kwa udongo wa kichuguu. Likimtosha anaingia kivulini na kulirudisha, wala haulizwi riba. Mwaka wa ukame, simba akiwa amekonda hadi mbavu zinahesabika, nyoka amejikunja shimoni na anasubiri. Huo ni uchumi ambao hakuna waziri wa fedha aliyewahi kuufikia.

Wapo watu, hasa Ulaya na Marekani, wanaomfuga kiumbe huyu sebuleni ndani ya sanduku la kioo. Msomaji aliyelelewa akiambiwa kwamba nyoka ni wa kupigwa fimbo ya kichwa huenda akacheka. Na acheke. Lakini anayefuga nyoka vizuri hulazimika kujifunza jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kulitafakari: akishamfungia mnyama huyu ndani ya kioo amemtenga na jua, na kuanzia siku hiyo kazi ya jua ni yake yeye mfugaji. Ni kazi nzito kuliko inavyoonekana, na kila anapoikosea, uhodari wa Yule aliyeipanga mwanzo hujitokeza wazi zaidi.

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba reptilia ni mtumwa wa hewa inayomzunguka, ikipoa anapoa, ikipata joto naye anapata. Mmoja wa waliowatoa kwenye dhana hiyo alikuwa Raymond Cowles, Mmarekani aliyezaliwa Natal, Afrika Kusini, katika familia ya wamisionari. Akiwa mtafiti huko California alishirikiana na Charles Bogert kuwachunguza mijusi na nyoka wa jangwani, na mwaka 1944 wakachapisha waliyoyaona. Wanyama wale walitunza joto la miili yao kwa usahihi wa kushangaza, bila jasho, bila manyoya, bila moto wa ndani. Walilitunza kwa mwendo. Hatua chache kwenda juani, hatua chache kurudi kivulini. Kugeuza ubavu, kujinyoosha, kujikunja, kuuzika mwili mchangani na kuacha kichwa tu nje. Mchana kutwa wanafanya hesabu hiyo, na anayewatazama hudhani wamezubaa.

Na kiwango wanachokitafuta si kimoja. Nyoka mwenye chakula tumboni hutaka joto zaidi, kwa kuwa vimeng'enya vyake huzembea kwenye baridi. Nyama iliyomezwa nzima ikikosa joto huoza kabla haijasagwa, na nyoka huitapika. Mambo yanayotukia ndani ya chatu baada ya mlo ni makubwa mno. Kwa chatu wa Burma, moyo wenyewe huongezeka uzito kwa takriban asilimia 40 ndani ya siku mbili, kisha mlo ukiisha hurudi ulivyokuwa. Jike mwenye mimba naye hutafuta joto kwa bidii kuliko dume. Ama mgonjwa, habari yake ilitafitiwa kwa binamu zake mijusi katika miaka ya 1970, Marekani, na Matthew Kluger pamoja na wenzake. Mijusi wa jangwani walioambukizwa bakteria walijisogeza wenyewe mahali penye joto kupita kawaida yao, na waliozuiwa kulifikia joto hilo walikufa kwa wingi zaidi. Sisi homa hutufuata kitandani. Mjusi huifuata homa kwa miguu yake, akaipata, akapona.

Kwa hiyo anayeuliza nyoka anahitaji nyuzi ngapi ameuliza nusu ya swali. Porini hakuna anayempangia. Amewekewa jua huku na kivuli kule, shimo chini na mwamba juu, kisha akapewa akili ya kujua ni wapi panamfaa saa hiyo. Riziki yake ni nafasi ya kuchagua. Mfugaji asiyelielewa hili atanunua vifaa vya bei mbaya, atasawazisha joto sanduku zima liwe sawasawa kila pembe, na atashangaa kwa nini mnyama wake hali.

Tumchukue mmoja wa nyoka wanaofugwa zaidi duniani, chatu mdogo ambaye wanasayansi humwita Python regius. Akiogopa hujiviringisha akawa tufe, kichwa amekificha katikati. Ni wa kwetu Afrika. Makazi yake yanaanzia Senegal, yanapita Ghana, Togo na Benin, na kufika hadi kaskazini magharibi mwa Uganda. Mchana hujificha kwenye mashimo ya panya na ndani ya vichuguu, usiku hutoka kuwinda. Katika mji wa Ouidah, Benin, kuna hekalu ambamo chatu hawa huheshimiwa. Wakitoka usiku na kuingia nyumba za watu, wenye nyumba huwarudisha kwa upole. Mimi heshima yangu naipeleka kwa aliyewaumba, lakini nakiri kwamba chatu wa Ouidah wana bahati kuliko maelfu ya ndugu zao waliopakiwa kwenye ndege kwa miongo kadhaa kwenda kuuzwa ng'ambo. Hawa wa Ouidah hawahitaji kifaa chochote. Ardhi yao ina joto, na wakitaka ubaridi wanashuka shimoni.

Mpeleke ndugu yao Chicago mwezi wa Januari. Nje maji yameganda, ndani ya nyumba kuna nyuzijoto 20 zinazomtosha mwenye nyumba. Kwa chatu wa Togo hiyo ni baridi ya kuua polepole: hatakula, kifua kitaanza kumkoroma, mapovu yatamtoka mdomoni. Wafugaji wazoefu humtengenezea sanduku lenye ncha mbili. Ncha ya joto huwa kati ya nyuzijoto 31 na 33, ncha ya ubaridi 25 au 26 hivi, na katikati joto hupungua polepole ili mnyama apate kila kiwango kati ya hivyo viwili. Kila ncha iwe na maficho yake, tena ya kumbana. Hili wengi hulipuuza. Chatu huyu ni mwoga kiasi kwamba akiwa na maficho upande mmoja tu, atakaa hapo hata pakiwa hapamfai, ataungua au atapoa humo humo, kuliko kukatiza uwanja wazi. Usalama kwake huja kabla ya starehe. Unaweza kuwa umemwekea joto sahihi kabisa na bado umemnyima, kwa kuwa njia ya kulifikia inamtisha.

Sasa joto lenyewe litoke wapi? Hapa ndipo uumbaji na ufundi wetu vinapoachana njia, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Mwamba ulioota jua una tabia moja ambayo hatuifikirii. Nyoka akiulalia, mwili wake huukinga na jua, na mwamba huanza kupoa chini yake. Kadiri anavyoendelea kulala ndivyo unavyozidi kupoa. Joto limo ndani ya jiwe kwa kipimo, akishalichota linapungua. Hawezi kuunguzwa kwa kulala sana mahali pamoja, maana kulala kwenyewe ndiko kunakolizima joto. Linaloweza kumdhuru ni jua linalomwangukia mgongoni, na hilo mgongo wake unalijua tangu enzi na enzi: likizidi, anaondoka.

Mkeka wa umeme unaowekwa chini ya sanduku hufanya kinyume chake. Umeme hauzuiwi na kivuli cha mtu. Nyoka akilala juu ya mkeka huwa amelifunika joto lisipande, nao unaendelea kulitengeneza. Joto linajilimbikiza kati ya waya na tumbo, na kadiri anavyokaa ndivyo panavyozidi kuwaka. Cha kusikitisha ni kwamba mara nyingi haondoki. Anaungua akiwa ametulia. Watu husema nyoka ni mjinga, au hana hisia tumboni. Hisia anazo. Nadhani sababu yake iko wazi zaidi: katika vizazi vyote tangu nyoka wa kwanza kutambaa, hakuna jiwe lililowahi kuzidi kupata joto kwa kulaliwa. Muumba hakumpa silaha ya kupigana na adui ambaye hakumuumba. Adui huyo tumemtengeneza sisi, kiwandani, tukambandika lebo ya bei.

Kibaya kuliko mkeka ni jiwe bandia lenye waya ndani yake, lililouzwa sana madukani ng'ambo na ambalo wafugaji makini siku hizi hawaligusi. Waya ukikaa vibaya, sehemu moja ya jiwe huwa vuguvugu na nyingine huchoma kama… basi, huchoma. Madaktari wa wanyama wanayajua majeraha yake: magamba ya tumbo yaliyobadilika rangi, malengelenge, ngozi iliyokufa na kuanza kubanduka. Kupona huchukua miezi, na mnyama hujivua ngozi mara kadhaa kabla kovu halijafifia.

Kinga yake ni themostati. Karibu kila nyumba yenye umeme inayo, hata kama wenyewe hawalijui jina: ndicho kidude kilicho ndani ya pasi, kile cha kuzungushia kati ya hariri na pamba. Ndani yake kuna ukanda wa metali mbili zilizounganishwa, moja hutanuka kuliko mwenzake zikipata joto, ukanda unapinda na umeme unakatika. Ukipoa unanyooka na umeme unarudi. Themostati ya sanduku la nyoka kwa kawaida ni ya kielektroniki. Ina waya mrefu wenye kihisi mwishoni, na ipo kati ya soketi ya ukutani na kipashajoto. Ile ya kuwasha na kuzima yatosha kwa mkeka. Taa ikiendeshwa hivyo huwaka na kuzimika mchana kutwa na balbu hufa mapema, kwa hiyo taa hupewa ile inayofifisha mwanga kidogo kidogo, nacho kipashajoto cha kauri, kisichotoa mwanga wowote, hupelekewa umeme kwa midundo mifupi. Mfugaji anayechomeka mkeka moja kwa moja ukutani bila themostati, akisema chumba chake kina baridi na hautazidi, anacheza na ngozi ya mnyama na pengine na nyumba yenyewe.

Lakini themostati ni mtumishi mtiifu asiye na busara. Haijui lolote kuhusu sanduku ila kile kinachoguswa na kihisi chake. Ukikiacha kihisi kining'inie hewani, kitapima hewa. Mkeka chini utapita nyuzi 40, nacho kinaripoti kwamba bado ni baridi. Ukikilaza ndani ya sanduku bila kukifunga, chatu, ambaye mwili wake wote ni msuli, atakisukuma hadi ncha ya ubaridi. Hapo chombo kitaamini sanduku zima limepoa na kitamwaga umeme bila kukoma. Nyoka akikikojolea, kipimo kinapotoka. Ndiyo maana wazoefu hukibana kihisi kati ya mkeka na sakafu ya sanduku, kwa nje, mahali ambapo mnyama hakifikii, kisha wanapima kwa ndani kwa kipimajoto cha pili kisichohusiana na themostati hata kidogo. Shahidi mmoja hatoshi.

Matandazo nayo yana mtego wake. Mfugaji anaweka maganda ya mti au vipande vya nazi kwa unene wa vidole vinne, anapima juu, anaona nyuzi 27, anapandisha themostati mpaka juu pafike 32. Usiku chatu anachimba, kama alivyoumbwa kufanya, anafika kwenye kioo chenyewe, na huko chini joto ni jingine kabisa. Kwa hiyo kinachopimwa ni sehemu ya moto kuliko zote anayoweza kuifikia. Kifaa kizuri cha kazi hiyo ni kipimajoto cha bastola, jamaa wa kile tulichoelekezewa kwenye paji la uso milangoni mwa benki mwaka 2020 wakati wa korona, ingawa vile vya paji la uso vilitengenezwa kwa viwango vya homa za watu na havifai hapa. Atafute cha karakana au cha jikoni. Kuhusu taa, maneno ni machache: iwekewe wavu wa kuikinga, kwa sababu nyoka hupanda na kuizunguka balbu, na usiku izimwe, maana giza nalo ni haki yake.

Ukijumlisha hayo yote, mkeka, taa, kihisi, vipimo viwili, wavu, maficho mawili, na mtu wa kuvikagua kila siku, utakuwa umeigiza kwa shida asubuhi moja ya kawaida katika kichaka cha Benin.

Kuna kitendawili kingine ambacho kila nikikitafakari hunifanya ninyamaze. Chatu huyuhuyu anayeunguzwa na mkeka amebeba mdomoni mojawapo ya vihisi bora vya joto vilivyowahi kujulikana. Kwenye midomo yake kuna safu ya vishimo vidogo, na ndani ya kila kishimo mna neva zinazopokea mionzi ya infraredi, ile isiyoonekana inayotoka kwenye kila kitu chenye joto. Nyoka wa vishimo wa Marekani, kama yule mwenye njuga mkiani, ana viwili tu, kati ya jicho na pua, lakini vya kwake ni vikali zaidi: utando mwembamba ulioachwa hewani, unaotambua mabadiliko ya sehemu chache tu za elfu moja ya nyuzi. Panya akipita gizani, nyoka anaiona picha ya joto lake.

Mwaka 2010, kundi la watafiti akiwemo David Julius wa California lilionyesha protini inayofanya kazi hiyo. Inaitwa TRPA1. Sisi pia tunayo. Kwetu ndiyo inayotuwashia pua tukila haradali kali. Protini ileile, kwa mmoja imewekwa kuonya juu ya kiungo cha chakula, kwa mwingine imerekebishwa kidogo ikawa jicho la joto. Julius alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, kwa ugunduzi unaohusu jinsi mwili unavyohisi joto na mguso, ikiwemo protini nyingine inayoitikia ukali wa pilipili. Tuzo stahili kwa aliyesoma. Aliyeandika hajaomba tuzo.

Vishimo hivyo havikuwekwa kwa ajili ya kuwinda pekee. Mwaka 2003 watafiti Aaron Krochmal na George Bakken walionyesha kwamba nyoka mwenye njuga huvitumia pia kutafuta mahali pa ubaridi pa kujiokoa joto likizidi. Vishimo vikizibwa, hapaoni. Basi anayo dira ya joto usoni. Dira hiyo lakini hutazama mbele na mbali, kwenye jua, mawindo, mdomo wa shimo lenye ubaridi. Haikuelekezwa chini ya tumbo, kwa kuwa ardhi ya Mungu haina waya.

Kama kuna mahali ambapo habari ya joto la nyoka inageuka kuwa habari ya upendo, ni kwenye mayai. Mwaka 1841, katika bustani ya wanyama ya Jardin des Plantes, Paris, chatu jike alijizungusha juu ya mayai yake na kuyaatamia. Mwanasayansi Achille Valenciennes alipima joto katikati ya mikunjo yake na kukuta limezidi sana lile la hewa. Msafiri mmoja alikuwa ameshaleta habari hizo kutoka India, na wakubwa wa sayansi wakambeza. Nyoka kujipasha moto mwenyewe? Zaidi ya karne moja ikapita. Mwaka 1966 watafiti Hutchison, Dowling na Vinegar wakachapisha vipimo vya jike wa chatu wa Burma aliyeatamia New York: hewa ikishuka chini ya nyuzijoto 33, misuli ya mwili wake ilianza kushtuka kwa mpigo, na kila ilivyozidi kupoa ndivyo mishtuko ilivyoongezeka. Alikuwa anatetemeka kwa makusudi. Kiumbe asiye na jiko aliwasha jiko, na aliliwasha kwa ajili ya wanawe tu. Mayai yakishaanguliwa, moto huzimwa.

Si chatu wote waliopewa uwezo huo. Yule mdogo wa Afrika Magharibi huyakumbatia mayai yake kwa takriban miezi miwili, ila kazi kubwa ya kumbatio lake ni kuyazuia yasikauke. Joto analiachia shimo.

Chatu mkubwa wa kwetu ana njia ya tatu, na hiyo ndiyo inayonishangaza kuliko zote. Huyu ni Python natalensis, anayeishi kuanzia Afrika Kusini hadi Tanzania na kusini mwa Kenya. Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand aliwafuatilia kwa miaka kadhaa katika hifadhi ya Dinokeng, kaskazini ya Pretoria, akiwa amewawekea vifaa vya redio mwilini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Jike hutaga kwenye shimo lililochimbwa na muhanga. Hatetemeki. Asubuhi hutoka, hujilaza mdomoni mwa shimo na kuota jua mpaka mwili wake unakaribia nyuzijoto 40, kiwango kilicho karibu na mpaka wa kifo chake. Kisha anarudi ndani na kuyazunguka mayai, akiwapelekea wanawe jua alilolibeba mwilini. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Ili alichote jua upesi zaidi, katika msimu wa uzazi rangi yake hugeuka kuwa nyeusi. Muda wote huo hali kitu, na uzito wake hupungua kwa hadi asilimia 40.

Mayai yanapoanguliwa haondoki. Kwa wiki mbili hivi watoto hutoka mchana kuota jua karibu na shimo, na usiku hurudi kulala ndani ya mikunjo ya mama yao. Hadi utafiti huo, hakuna aliyekuwa ameandika malezi ya namna hiyo kwa nyoka yeyote anayetaga mayai. Baada ya hapo mama hutoka akiwa amedhoofu mno, na wengine huchukua miaka miwili au mitatu kurudisha nguvu za kuzaa tena. Wapo wasiozirudisha kamwe. Wakati huo huo huku vijijini tunamwua tukimkuta, kwa sababu ni nyoka.

Nirudi kwenye sanduku la kioo, safari hii la huku kwetu. Dar es Salaam, Mombasa au Tanga mfugaji hasumbuliwi na baridi. Adui wake ni dirisha. Mwanga wa jua hupita kwenye kioo ukageuka joto ndani, na joto halipati njia ya kutoka. Sanduku lililoachwa juani kwa muda mfupi hupita nyuzi 40 kwa wepesi, na nyoka hana jasho wala pa kukimbilia. Nairobi, iliyo kwenye urefu wa mita 1,700 hivi, Julai yake inaweza kuhitaji mkeka na themostati sawa na Ulaya. Na popote alipo, aanze na kibali: sheria za wanyamapori za Kenya na Tanzania hazimruhusu mtu kumwokota chatu porini akamfanya wake, na biashara ya chatu wote kuvuka mipaka inasimamiwa na mkataba wa CITES. Akishakipata, aliwashe sanduku likiwa tupu kwa siku kadhaa, asubuhi, mchana na usiku wa manane, aandike vipimo vya ncha zote mbili kabla mnyama hajaingia. Umeme ukikatika, chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo na kuwekwa upande mmoja tu zitamvusha nyoka hadi urudi.

Atakayeingia kwenye kazi hii ajue urefu wake. Mwaka 1961 mtu mmoja aliipa bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, chatu jike mdogo wa Afrika Magharibi. Julai 2020 jike huyo, akikadiriwa kuwa na umri wa miaka zaidi ya 60, alitaga mayai saba, ingawa alikuwa hajakaa na dume kwa angalau miaka 15. Majike wa jamii yake wanaweza kutunza mbegu za dume mwilini kwa muda mrefu, na wengine wameweza kuzaa bila dume kabisa. Magazeti yaliandika kuhusu mayai. Mimi niliwaza juu ya wale watumishi wa bustani, zamu kwa zamu, walioamka kila siku ya miaka 59 na kukagua kwamba upande mmoja una joto na wa pili una ubaridi.